Jinsi ya Kuitumia Maktaba ya Umma Ukiwa na Simu Mfukoni: Mwongozo Kamili kwa Vijana

Ingia Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, msimu wa mitihani unapokaribia, kisha tazama mezani. Viti vimejaa vijana. Mbele ya kila mmoja kuna madaftari yake, madesa aliyotoa kopi kwa rafiki, na simu iliyolazwa kifudifudi. Wamekuja kupiga msuli. Rafu za vitabu ziko nyuma ya migongo yao, hatua chache tu, na ni wachache mno wanaogeuka kuziangalia. Maktaba za mikoa nazo ni hivyo hivyo, na ukivuka mpaka ukaingia maktaba za umma za Kenya hutaona tofauti kubwa.

Wala sioni ubaya. Kijana anayelala chumba kimoja na wadogo zake, na jirani kafungulia spika tangu alasiri, anahitaji utulivu kuliko anavyohitaji kitabu. Ila huyu ni kama mtu aliyepanga nyumba nzima akawa anaishi sebuleni tu. Mwongozo huu unahusu vyumba vilivyobaki: kitabu kilichoko rafuni, mtu aliyekaa kaunta, na vyanzo vya mtandaoni ambavyo vinafunguka vizuri zaidi ukivitafuta ukiwa maktaba. Mifano mingi nimeitoa Tanzania. Kenya nitaigusa pale utaratibu unapokuwa tofauti.

Kabla hujatoka nyumbani

Andika swali lako. Liandike kwenye karatasi au kwenye simu, lakini liwe limeandikwa. "Nataka kusoma mambo ya biashara" bado halijawa swali. "Nikifuga kuku wa mayai 200, nitahitaji chakula kiasi gani kwa wiki, na kinachanganywaje?" hilo ni swali, na lina majibu yanayoweza kupatikana kabla ya saa ya chakula cha mchana. Wengi wanaotoka maktaba wakisema hawakuona kitu waliingia bila swali, wakazunguka kwenye rafu kama watu waliofika sokoni bila kujua nyumbani wanapika nini.

Beba kitambulisho, daftari, kalamu, spika za masikioni na pawabenki iliyojaa. Usitegemee soketi ya ukutani: ni chache, zinagombewa, na umeme ukikatika wote mnakuwa sawa. Begi kubwa mara nyingi utaliacha mlangoni na kupewa kibao chenye namba, kwa hiyo usiweke humo kitu utakachokihitaji kila baada ya dakika kumi. Saa za kufungua hutofautiana kati ya tawi na tawi, hasa Jumamosi na siku za sikukuu. Piga simu kabla ya kupanda daladala mbili.

Kujiandikisha

Kwa kawaida kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwa siku: unalipa kiasi kidogo, unasoma humo humo, unaondoka. Ya pili ni uanachama wa mwaka, ambao ndio unaokuruhusu kuazima kitabu uende nacho nyumbani. Uanachama una fomu, picha za pasipoti, ada, na mdhamini, yaani mtu anayetambulika kama mwalimu au mwajiri atakayeulizwa endapo kitabu hakitarudi. Mwanafunzi hurahisishiwa kwa muhuri wa shule. Chukua fomu siku ya kwanza, ijaze nyumbani, irudishe safari inayofuata. Kuitafutia sahihi ya mdhamini ndiyo sehemu inayochelewesha, si maktaba.

Malipo ya taasisi za serikali Tanzania hupitia namba ya malipo, ile ambayo watu huiita kontroo namba, unayolipia kwa simu au benki. Kenya, kwa taasisi za serikali ya kitaifa, ni kupitia tovuti ya eCitizen. Hifadhi ujumbe wa muamala hadi kadi itoke.

Je, kadi ina faida? Kama unakuja kukaa tu wiki mbili kabla ya pepa, lipa kwa siku. Ukishaanza kuazima, kadi inajilipa haraka, kwa sababu bei ya kitabu kimoja kipya cha chuo dukani huwa kubwa kuliko ada. Jambo moja niliseme wazi: ilani ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, kuhusu maktaba za umma, iliyohuishwa mwaka 2022, inasema huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bure. Kijana anayehesabu nauli kabla ya kutoka nyumbani anazuiwa mlangoni hata na kiasi ambacho afisa anakiona kidogo. Ukipata nafasi ya kusema hilo kwa diwani wako, liseme. Kenya hoja hiyo ina mahali pake hasa, maana Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo bajeti yake inajadiliwa katika bunge la kaunti yako.

Kuisoma rafu

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nitakaa hapa kidogo.

Maktaba nyingi za umma Afrika Mashariki hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa makundi kumi, kuanzia 000 hadi 900. Huna haja ya kuyakariri yote. Jua namba za mambo yako. Kompyuta zipo 004 hadi 006, na kuandika programu ni 005. Uchumi 330, sheria 340, elimu 370. Hisabati 510, fizikia 530, kemia 540. Tiba 610, umeme 621.3, magari na matengenezo yake 629. Kilimo kinaanzia 630. Kuku wako 636.5, nyuki 638. Mapishi 641.5, ushonaji 646.4, uhasibu 657. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, na fasihi yake, riwaya, tamthilia na mashairi, ni 896.392. Historia ya Tanzania ni 967.8, ya Kenya 967.62.

Namba iko mgongoni mwa kitabu, kwenye kikaratasi, na chini yake kuna herufi chache, mara nyingi tatu za mwanzo za jina la mwandishi. Sasa zingatia hili: tarakimu zilizo baada ya nukta husomwa moja moja, kama desimali ya darasani. Kwa hiyo 636.0852 inatangulia 636.5, na 636.12 pia inatangulia 636.5, hata kama 12 inaonekana kubwa kuliko 5. Vijana huifikia rafu sahihi, wakatafuta 636.5 kabla ya 636.12, wakaikosa, wakaondoka wakiamini kitabu kimeazimwa. Songa kulia kidogo.

Ukikipata ulichokitaka, usikimbilie mezani. Tazama jirani zake kushoto na kulia. Mfumo umewaweka pamoja kwa sababu wanazungumzia jambo moja, na mara nyingi kitabu kinachokufaa zaidi ni cha tatu kutoka kile ulichokifuata. Hapa rafu inaipita simu, kwa kuwa kisanduku cha kutafutia hukupa ulichokiandika, na jambo ambalo hukujua lipo huwezi kuliandika.

Kabla ya kuamini kitabu, fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina, uone mwaka. Kitabu cha kompyuta cha 1994 ni historia. Cha hisabati cha 1974 bado kinafundisha. Cha kodi au sheria ya ardhi, kama kina zaidi ya miaka michache, kitumie kuelewa msingi tu kisha ukahakikishe sheria ya sasa. Utakuta pia vitabu vingi vya Uingereza na Marekani. Vimefika kama misaada. Shirika la Book Aid International la Uingereza, kwa mfano, limekuwa likipeleka vitabu katika maktaba za Afrika kwa miongo mingi. Ni vizuri kwa fizikia, kwa sababu sheria za Newton hazina uraia. Kwa udongo wa Njombe au leseni ya biashara ya Kariakoo havitakusaidia, na hapo utahitaji machapisho ya hapa nchini.

Ukishaketi, simu inaingia kazini. Piga picha ya jalada, ya ukurasa wa hakimiliki, ya yaliyomo, na ya kurasa chache unazozihitaji kwa kujisomea. Mpangilio huo huo kila mara, ili miezi mitatu baadaye ujue kurasa zile ni za kitabu gani. Kitabu kizima usikipige picha. Ni kinyume cha haki ya mwandishi, na kusema kweli hutazisoma kurasa 300 za picha zenye kivuli cha kidole. Kabla ya kusoma sura nzima, fungua faharasa mwishoni mwa kitabu utafute neno lako. Kama swali lako limetajwa ukurasa mmoja tu, umeshajua ukubwa wa kazi.

Mtu aliyekaa kaunta

Mkutubi si mlinzi wa kimya. Amesomea kazi hii. Tanzania wengi wamepitia Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo, ambacho kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba yenyewe, ile inayoendesha maktaba za umma nchini. Kazi yake hasa ni kuligeuza swali lako liwe mahali kwenye rafu. Mazungumzo mazuri ya kaunta huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba kitabu cha kilimo."

"Kilimo cha nini?"

"Cha mboga mboga."

"Ni kazi ya chuo au unalima mwenyewe?"

"Nalima, mama. Kaka amenipa robo eka kule Mkuranga. Nyanya za msimu uliopita zimeoza chini, pale kitakoni, hata hazijaiva."

"Sasa hapo umesema. Twende 635 tuone nyanya, halafu nitakuonyesha 632, magonjwa ya mimea. Ulikuwa unamwagiliaje?"

Angalia kilichotokea. Alikuja na neno moja pana, mama akauliza mara mbili, na swali la kweli likajitokeza. Kuoza kitako kwa nyanya hakusababishwi na mdudu wala kuvu; tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi chanzo ni umwagiliaji usio na mpango, leo maji tele, kisha siku nne za ukavu. Kijana huyo huyo akiandika kwenye simu "dawa ya nyanya kuoza", wa kwanza kumjibu watakuwa wauza dawa. Atanunua, atapulizia, na zitaendelea kuoza.

Kwa hiyo ukifika kaunta, mweleze unataka kufanya nini na jibu, siyo jina la somo tu. Mwambie umeshatafuta wapi. Mwambie lugha unayoimudu: kama Kiingereza cha kitabu cha chuo kinakushinda, sema bila aibu, kuna vitabu vyepesi vya mada ile ile na vingine vya Kiswahili. Na ukimkuta amechoka au majibu yake ni ya mkato, rudi saa ya asubuhi watu wakiwa wachache, au muulize mwenzake.

Muulize pia kuhusu vitabu visivyoazimwa. Sehemu ya rejea ina kamusi, ensaiklopidia, ramani, ripoti za serikali na magazeti ya zamani, na baadhi havikai mahali pa wazi, vinaletwa ukiomba. Kwa kuwa sheria inawataka wachapishaji wa nchini kuwasilisha nakala za machapisho yao, Maktaba Kuu ina vitu ambavyo havijawahi kuingia mtandaoni wala havitaingia karibuni. Mwanafunzi anayeandika historia ya mtaa wake, klabu ya mpira au chama cha ushirika ataishia hapo hata kama alianzia kwenye simu.

Vyanzo vya mtandaoni vya kufungua ukiwa maktaba

Kama tawi lako lina waifai au chumba cha kompyuta, panga siku ya kupakua na siku ya kusoma. Kama halina, pakua nyumbani kwa bando la usiku, kisha njoo maktaba kusoma mafaili hayo kwa utulivu. Vyovyote vile, usiwe unapakua na kusoma kwa pamoja. Utajikuta kwenye video.

Mwanafunzi wa sekondari Tanzania aanze na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Wa Kenya ana hazina ya KICD, taasisi inayoandaa mitaala ya huko, yaani Kenya Education Cloud. Baada ya hapo kuna kitu ambacho nashangaa hakisomwi: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kila mtu anatafuta pepa zilizopita. Ni wachache wanaofungua taarifa hizi, ambazo zinachukua mtihani swali kwa swali, zinasema watahiniwa walifanyaje, walikosea wapi, na kuweka sampuli za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, zuri na baya. Zisome hivi: fanya swali mwenyewe kwanza kwa muda wa mtihani, daftari likiwa limefungwa. Kisha fungua taarifa usome majibu mabaya kabla ya mazuri. Utagundua kwamba mengi hayakuanguka kwa kukosa maarifa. Mtahiniwa aliulizwa "eleza sababu" akaorodhesha, au aliulizwa "tofautisha" akaeleza kimoja. Kundi la watu wanne kwenye meza moja, kila mmoja na somo lake, linaweza kuzipitia taarifa za miaka kadhaa katika likizo moja.

Wa chuo, fungua akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya mtandaoni ya makala za kitaaluma. Inakuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. African Journals Online inakusanya majarida ya Afrika, yakiwemo ya taaluma za Kiswahili kama Kiswahili na Mulika, na jarida la Swahili Forum kutoka Leipzig linasomwa bure kabisa. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina vitabu vilivyoskaniwa, vingine vya kuazima kwa saa moja moja. Usishangae ukikuta kitabu kimeondolewa kwenye kuazimwa: wachapishaji waliishtaki, na baada ya hukumu za mahakama za Marekani zaidi ya vitabu 500,000 vilitolewa. Ndiyo maana nakala ya rafuni bado ina thamani. Haiondolewi na kesi ya New York.

Sheria na hukumu za Tanzania zipo kwenye tovuti ya TanzLII, za Kenya zipo kwenye ya Kenya Law, zote bure. Anayeandika andiko la biashara au pendekezo la utafiti asinukuu idadi ya watu kutoka blogu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania imeweka matokeo ya Sensa ya 2022, watu 61,741,120 kwa nchi nzima, hadi ngazi ya kata. Na muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, kilimo, mazingira na sheria bure au kwa bei ndogo. Mlango wake hufunguliwa kwa jina la taasisi, kwa hiyo peke yako huwezi kuupata, lakini ukiwa ndani ya maktaba iliyojisajili unaweza.

Asiye na mtandao wa uhakika aweke programu ya Kiwix kwenye simu na kupakua Wikipedia, ya Kiswahili au sehemu ya ile ya Kiingereza. Ukishaipakua, inafunguka hata kijijini bila bando.

Ukiwa umeuliza akili mnemba

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wakutubi wamepata mgeni mpya: kijana mwenye orodha ya marejeo ambayo hayapo. Programu hizi zinaweza kukutengenezea kichwa cha makala kinachovutia, jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoaminika, na vyote pamoja visiwe na makala yoyote nyuma yake. Msimamizi wako akilibaini hilo, utetezi huna.

Itumie kwa kile inachokiweza: kukupa maneno ya kutafutia, hasa visawe vya Kiingereza vya dhana uliyoifikiria kwa Kiswahili, au kukueleza aya ngumu ya kitabu ulichokwisha kukishika. Kisha kila rejeo ililokutajia lipitishe kwenye vipimo viwili. Tafuta kichwa chote kikiwa ndani ya alama za kunukuu. Kikionekana, fungua makala yenyewe, si muhtasari, uione hoja uliyoambiwa ipo ukurasa gani. Likishindwa kimojawapo, lifute. Lile la kitabu mpelekee mkutubi. Kwa katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, anaweza kukujibu haraka.

Wakati huo huo anza kuweka marejeo yako kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeo. Ni ya bure, na siku ya kukusanya kazi hutakesha ukitafuta mwaka wa kitabu ulichokirudisha mwezi uliopita.

Kompyuta ya maktaba ni ya watu wote

Vijana wengi hujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya vyuo na ya ajira kwenye steshenari, wakimwachia nywila zao mtu wasiyemjua. Penye kompyuta maktabani, jaza mwenyewe. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, kataa kila kinapouliza kuhifadhi nywila, na ukimaliza toka kwenye akaunti yako, si kufunga dirisha tu. Futa faili ulilopakua kwenye folda ya vipakuliwa, kisha ondoa na kwenye pipa la taka. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule vya watu wengine utavikuta humo, jambo linalokuonyesha vyako navyo vingebaki. Mambo ya benki na pesa za simu yafanye kwa bando lako mwenyewe. Flashi yako ichunguze virusi ukifika nyumbani.

Kuja na wenzako

Maktaba haitaki kelele, lakini nyingi zina chumba au kona inayoweza kuombwa. Andika barua fupi kwa mkuu wa tawi: mko wangapi, mtafanya nini, siku gani, nani anawajibika. Klabu ya kusoma, mafunzo ya kuandika programu, midahalo ya shule, usimulizi wa hadithi kwa watoto Jumamosi, vyote vimefanyika katika maktaba za kanda hii. Nairobi kuna mfano mzuri. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa miaka mingi ya ukoloni. Tangu 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na jiji kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya Eastlands, na wakazi wenyewe wameshirikishwa kusema wanataka nini ndani yake.

Asiyeona au asiyeweza kushika kitabu aulize kuhusu vitabu vya sauti, nukta nundu na maandishi makubwa. Mkataba wa Marrakesh, ambao Kenya na Tanzania zote zimejiunga nao, unaruhusu nakala za namna hiyo kutengenezwa na kuvushwa mipaka bila kuomba kibali cha kila mchapishaji.

Unapoandika cha kwako

Hili huwashangaza wengi: namba ya ISBN, zile tarakimu 13 juu ya msimbo pau, inatolewa na maktaba ya taifa. Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kama unaandika hadithi kwenye WhatsApp na sasa unataka kuuza kitabu, cha karatasi au cha kielektroniki, huhitaji kununua namba kwa dalali wa mtandaoni wa nje. Andaa kichwa cha kitabu, jina la mwandishi na mchapishaji (unaweza kuwa wewe mwenyewe), idadi ya kurasa na muundo, uende au uwaandikie wakupe fomu. Kila muundo una namba yake: toleo la karatasi moja, la kielektroniki nyingine. Namba yako itaanza na 978, ikifuatiwa na 9976, 9987 au 9912 kwa Tanzania, au 9966 au 9914 kwa Kenya. Ikianza na nyingine, uliza kabla hujalipia uchapaji.

Kitabu kikitoka, peleka Maktaba Kuu nakala zinazotakiwa na sheria, kisha uliza tawi la mkoa wako kama wangependa nakala ya kuazimisha. Kama ni riwaya, kitapangwa 896.392, na herufi za jina lako zitakuwa chini ya namba.